Udi wa Kwenda Osaka

Kuze ni mtaa wa watu wenye sifa zao. Kulikuwa na fundi wa saa ambaye hakuwahi kufika kazini kwa wakati, na mzee mmoja aliyestaafu bandarini ambaye alikuwa akizijua kwa majina meli zote zilizowahi kutia nanga Kilindini, hata zilizokwisha kuzama. Ummukulthum alikuwa na pua. Ungemfunga kitambaa machoni, ukampitisha kwenye milango kumi, angekwambia nyumba ipi imefukiza udi jana, ipi imefukiza leo, na ipi imenunua udi wa mtu mwingine badala ya wake. Hilo la tatu alikuwa hasamehi upesi.

Pua hiyo hakujua kama anayo mpaka alipoolewa. Alizaliwa Kibokoni, baba yake akiuza viatu Makadara, na mwenyewe alifanya kazi miaka sita katika ofisi ya mawakala wa forodha, kwenye karatasi zisizonukia chochote. Twalib, opereta wa kreni bandarini, akamposa, akamleta Kuze kwa mamake. Na mamake, Bi Mwanakheri, ndiye aliyekuwa akiwapikia udi maharusi wa nusu ya Mji wa Kale. Sukari motoni mpaka ivute, vipande vya udi ndani, kisha manukato moja baada ya jingine, mkwewe amesimama pembeni anatazama. Ilipokuja corona, Bi Mwanakheri aliugua wiki tatu. Maradhi yakamwachia roho yakamchukulia pua. Toka siku ile bibi yule alikuwa hanusi hata kitunguu kikiungua, na sufuria ya udi ikapita kwa mke wa mwanawe kama urithi uliogawiwa mwenyewe angali hai.

Aliyeigeuza sufuria kuwa kampuni ni Purity Kadenge. Purity ni msichana wa Kaloleni, Mkristo, amepanga chumba Tudor. Alikwenda Qatar kufanya kazi za nyumbani miaka miwili, akarudi na pasipoti, na maumivu ya mgongo, na nia ya kutomfulia mtu tena nguo. Akasomea kompyuta chuo kimoja Tononoka, akaajiriwa ofisi ile ile ya forodha, meza yake ikitazamana na ya Ummukulthum. Siku moja aliletewa na mwenzake huyo kipande cha udi kwenye karatasi ya daftari kama zawadi. Wiki iliyofuata akaja na picha, na tovuti, na jina.

"Dada Ummu," alisema, "huu si udi tu. Hii ni kampuni."

Wakaiita Chetezo, kwa jina la chombo cha kufukizia udi. Wenye kusema mambo hayo Nairobi huziita kampuni changa, na hii ilikuwa changa kweli: wanawake wanane wakipika kila mmoja jikoni kwake, Purity na simu yake, na Ummukulthum na pua yake. Kila Alhamisi wapishi walikuja Kuze na masufuria yao yamefunikwa leso. Ummukulthum alifunua, akainama, akafumba macho. Ama alisema "Tia kwenye vijaluba," yaani vile vikopo vidogo vya bati vilivyoandikwa jina la kampuni, ama alisema "Rudisha motoni." Hakuna aliyebishana naye. Hata Mejumaa, Mdigo wa Tononoka mwenye ulimi mkali kuliko pilipili za nyumbani kwake, alirudisha motoni akinung'unika tu.

Purity alikuwa na jambo moja lililomkera. Alinunua mizani ndogo ya jikoni na daftari lenye jalada gumu, akaviweka mezani.

"Dada, tuandike vipimo. Mawaridi kiasi gani, miski kiasi gani. Wewe ukiumwa mafua sisi tutafanya nini?"

"Udi hauandikwi, Purity. Udi wanuswa."

"Hata mara moja?"

"Bi Mwanakheri aliandika? Mamake aliandika?" Akacheka, akalisogeza daftari kando, na jioni ile ile akaliwekea birika la chai ya moto juu yake. Lilibaki na duara la kahawia kwenye jalada. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga wamesema kweli, lakini nani huuona ufa katika nyumba inayonukia?

Barua ilikuja mwezi wa Julai. Kulikuwa na ujumbe wa biashara wa kwenda Japani, waziri akiuongoza, mabalozi ndani yake, na wafanyabiashara thelathini waliochaguliwa kutoka nchi nzima kwenda kuonyesha bidhaa zao mjini Osaka kwa siku sita. Pwani ilipata nafasi mbili. Moja ilikwenda kwa mtu wa korosho. Ya pili iliandikwa: Ummukulthum, mwanzilishi wa Chetezo. Barua ilieleza kwamba Wajapani nao wana udi wao wa karne nyingi, kwamba kuna majumba yao ya kale ya kutengeneza udi, na kwamba wenye majumba hayo wangefika kwenye maonyesho.

Twalib aliisoma barazani kwa sauti, akaisoma tena kwa kila aliyepita, mpaka muuza kahawa akamwambia ameshaihifadhi. Yeye ndiye aliyekwenda kupanga foleni ya pasipoti tangu alfajiri ili mkewe aje akute nafasi. Yeye ndiye aliyemwambia mamake, "Mama, siku sita tutakula mkate wa kununua, tusife." Na mkewe alipoanza kuogopa, usiku na mchana akiuliza atasema nini mbele ya mabalozi, alimjibu kwa mzaha wake ule.

"Wakikuuliza mumeo nani, waambie ni yule anayekoroga."

Na alikoroga kweli. Udi wa kwenda Osaka Ummukulthum hakumwachia mpishi yeyote. Aliupika mwenyewe juu ya paa la nyumba, Jumapili moja ya Agosti, na kwa kuwa sufuria ilikuwa kubwa na mkono wake mdogo, Twalib ndiye aliyeshika mwiko. Shati kalivua, jasho lamtiririka, analalamika kama mtu aliyefungwa kazi ngumu, na huku hataki kumpa mtu mwingine ule mwiko. Ummukulthum alitia mawaridi, akanusa. Akatia sandali, akanusa. Akatia maji ya asumini aliyolaza usiku kucha. Purity alikuwa amekaa kwenye ngazi na daftari lake magotini, kalamu tayari, naye Ummukulthum mkono ukaenda chupa hii, ukarudi chupa ile, ukaenda tena, upesi, hata yeye mwenyewe hatazami. Kisha akasimama.

"Huu," alisema.

"Umetia nini hapo mwisho?" Purity aliuliza.

"Nimetia kilichotakiwa."

Twalib akacheka mpaka akaangusha mwiko. Ukatoka vijaluba arobaini na kimoja. Kimoja alitakiwa akitume Nairobi mapema, kwa Kenneth, afisa wa wizara aliyekuwa akiwaratibu wasafiri. Arobaini vilikaa chumbani kwenye sanduku la mbao chini ya dirisha, vikikomaa. Kila asubuhi alifungua kimoja, akanusa, akafunga, akaridhika. Alijua moyoni, bila kumwambia mtu, kwamba hajawahi kupika udi kama ule na pengine hatapika tena.

Siku kumi na nane kabla ya safari, Twalib alirudi kutoka msikitini baada ya swala ya alasiri, akaketi barazani, akaomba maji.

"Kifua chanibana," alisema.

Maji yalipokuja aliyashika, hakuyanywa. Ikaitwa tuktuk. Hawakuwa wamefika hata Makadara alipokata roho, kichwa chake kipajani kwa mkewe, bilauri ya plastiki ingali mkononi mwake. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Asubuhi ya pili nyumba ilijaa. Wanawake juu, wanaume chini, waosha maiti ndani ya chumba cha nyuma na ndoo zao. Sanda ilikwisha kuja. Karafumaiti ilikwisha kuja, ile kafuri nyeupe apakwayo maiti kabla ya kuvikwa sanda, na harufu yake kali ya baridi ilipanda ngazi ikaingia kila chumba. Mejumaa alipita katikati ya waliokaa, akainama kwenye sikio la Ummukulthum.

"Waosha wataka udi, dada. Wa kufukizia."

Kulikuwa na udi mwingine nyumbani mle. Kulikuwa na magunia ya udi. Ummukulthum aliinua mkono akaonyesha sanduku la mbao chini ya dirisha.

"Chukua pale."

Hata leo hajui kama alikuwa hana akili ya kufikiri, au kama alifikiri sawasawa na hakutaka Twalib afukiziwe udi ulio duni kuliko alioukoroga mwenyewe. Mejumaa alifanya alivyoambiwa. Na Mejumaa akishaonyeshwa sanduku, sanduku ndilo hilo. Siku tatu za matanga, khitima ya msikitini na ya nyumbani, jamaa waliotoka Lamu, jamaa waliotoka Malindi, kila palipofukizwa alifungua kijaluba kingine. Watu walisema hawajapata kuingia matangani panaponukia namna ile. Walisema Twalib kaondoka kama bwana harusi. Siku ya nne Purity aliinua kifuniko cha sanduku akaona ubao mtupu. Akakirudisha polepole, asimwambie mtu, kwani ungemwambia nani na kwa lipi?

Eda ikaanza. Kwa asiyejua: mke aliyefiwa, kizuka, hukaa nyumbani kwa marehemu miezi minne na siku kumi. Hasafiri, hajipambi, hajitii wanja wala manukato. Shangazi za Twalib wakazunguka nyumba wakikusanya vyetezo, na chupa za marashi, na magunia, na masufuria, mpaka mabua ya asumini yaliyokaukia dirishani. Vyote vikapakiwa kwenye mkokoteni, vikapelekwa chumbani kwa Purity huko Tudor, ambako jirani waliuliza kama kuna harusi.

Asidhani mtu kwamba Ummukulthum alishikwa mkono akakalishwa. Hakuna aliyemlazimisha. Yeye mwenyewe alikuwa hataki kukivuka kile kizingiti, kwani mara ya mwisho alikivuka amemshika Twalib. Lakini barua ya Osaka nayo ilikuwa ndani ya mtoto wa meza, na alitaka kwenda vile vile. Alitaka kubaki na alitaka kwenda, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililomngojea yeye aamue.

Siku ya tisa Kenneth alipiga simu. Alikuwa mtu mwema, wa bara, mwenye sauti ya kuomba radhi hata kabla ya kukosa.

"Madam Ummukulthum, pole sana. Kwa kweli poleni na familia yote. Nimesikia kutoka kwa Purity." Akashusha sauti. "Sasa hiyo eda. Ni ya siku ngapi? Kwa sababu tuko na siku tisa hivi."

"Miezi minne na siku kumi."

Akasikia karatasi zikipinduliwa upande wa pili.

"Na hakuna vile mtu anaweza kuikatiza, aende, halafu amalizie akirudi?"

"Hakuna, ndugu yangu."

"Sawa. Nauliza tu. Usinielewe vibaya."

Hakumwelewa vibaya. Kuna watu huuliza kwa dharau na kuna watu huuliza kwa kutojua, na huyu alikuwa wa pili. Kenneth akamweleza kwamba nafasi ile ni ya mwanzilishi au mkurugenzi wa kampuni, na ikiwa hataweza kusafiri, na kama hakuna mkurugenzi mwingine kwenye usajili mpaka Ijumaa, itabidi apewe aliyefuata kwenye orodha. Aliyefuata alikuwa mtu wa Thika mwenye kutengeneza sabuni.

Hapo ndipo Ummukulthum alipoona haya. Purity alikuwa ameifanyia Chetezo kazi miaka minne. Jina lilitoka kwake, tovuti ni yake, wateja wa ng'ambo walimjua yeye. Na kwenye usajili kulikuwa na mkurugenzi mmoja tu. Hakumnyima kwa ubaya. Siku waliyosajili, Purity alikuwa Kaloleni kwenye mazishi ya nyanya yake, wakasema wataongeza jina baadaye, na baadaye haikufika. Alimwita siku ile ile, wakakaa sakafuni na simu, jina la Purity Kadenge likaingia pale ambapo lilistahili kuwa tangu mwanzo.

"Sikukusudia, Purity."

"Najua, dada. Lakini mimi nitawaambia nini huko? Mimi sina pua."

Viza ya Purity ilitoka pamoja na za wengine. Ikabaki udi. Wizara ilitaka vijaluba arobaini, na udi ukishapikwa unahitaji siku kadhaa ukae ujishike. Mejumaa na wenzake watatu walipika Tononoka siku mbili mfululizo, kila mmoja akikumbuka alichokumbuka. Mmoja aliapa kwamba siku zote sandali hutangulia. Mwingine aliapa kwamba ni mawaridi. Wakapika sufuria tatu, wakagombana juu ya zote tatu, na mwishowe wakaja Kuze na kila sufuria imefunikwa leso, kama Alhamisi ya zamani. Wakasimama mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuingia.

Shangazi wa Twalib alikuwa barazani. "Udi? Nyumba ya kizuka?" alisema. "Hamna haya?"

Bi Mwanakheri alitoka ndani polepole, tasbihi mkononi. Tangu mwanawe afe alikuwa hasemi sana.

"Waache wapite," alisema. "Nimemuuliza mke wa maalimu, naye kamuuliza mumewe. Kujitia ndiko kulikokatazwa. Mtu akinusa bidhaa ili ajue kama ni njema, hajajitia." Akamgeukia mkwewe, akampungia mkono aje. "Ndoo, mwanangu. Ndoo unuse. Twalib mwenyewe angekwambia unuse."

Ummukulthum aliketi kwenye mkeka. Mejumaa akafunua sufuria ya kwanza, akaisogeza kwa mikono miwili. Ummukulthum akainama. Akafumba macho, kama alivyozoea, akavuta pumzi.

Hapakuwa na kitu. Haikuwa harufu mbaya, wala haikuwa nzuri. Ilikuwa kama kunusa maji kwenye bilauri. Akainuka, akanusa kiganja chake, akainama tena. Ikaja sufuria ya pili. Ikaja ya tatu. Alijua mbele yake kuna sukari iliyoungua, na miski, na mawaridi ya kutosha kumpaliza mtu, kwani aliyaona machoni mwa wanaomtazama. Yeye hayakumfikia. Alitazama juu akakutana na macho ya Bi Mwanakheri, na bibi yule, aliyepotewa na pua kabla yake, akaelewa pale pale. Alizidi tu kuhesabu tasbihi yake.

"Upi, dada?" Mejumaa aliuliza.

Wanawake wanne walikuwa wamesimama na majasho yao ya siku mbili. Purity alikuwa na ndege kesho kutwa.

"Wa kati," alisema Ummukulthum. "Tieni kwenye vijaluba."

Aliuchagua kama mtu anayebahatisha. Na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema uongo juu ya udi.

Picha ya msafara ilimfikia kwa simu: waziri katikati, mabalozi huku na huku, bendera mbili nyuma, wanaume wa suti wakitabasamu kwa kamera. Purity alikuwa mstari wa nyuma upande wa kushoto, koti alilolishonesha kwa leso ya Chetezo likimbana mabegani, uso umemkauka kwa woga. Ummukulthum akaikuza picha kwa vidole. Akatafuta kando ya Purity, kwenye nafasi finyu kati yake na mtu wa korosho, kana kwamba hapo angejiona. Kisha akamwonyesha Bi Mwanakheri.

"Mtoto mzuri," alisema Bi Mwanakheri. "Mbona hamkumfungia nywele vizuri?"

Siku nne alingoja. Alisali, alisoma, alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Jirani walioingia kumtazama walimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, naye akawaitikia ndiyo, akiwaza koleo lenyewe liko puani mwake na hakuna mhunzi wa kumtengenezea jingine. Siku ya tano, adhuhuri, simu ikalia. Osaka ilikuwa jioni. Uso wa Purity ulijaa kioo, nyuma yake taa na watu.

"Dada! Dada, wameutaka!"

Ummukulthum akashika kifua. "Wameutaka udi?"

"Ngoja nikueleze. Siku tatu walikuwa wanakuja, wananusa, wanainamisha kichwa, wanaondoka. Heshima tele, lakini wanaondoka. Leo akaja mzee mmoja na binti yake, jumba lao la udi lina umri mkubwa kuliko Kenya. Akanusa udi wetu, akainamisha kichwa. Nikajua basi. Halafu Kenneth akakumbuka. Kile kijaluba ulichomtumia Agosti! Alikuwa nacho kwenye mkoba wake, dada, alikileta pamoja na karatasi. Akakifungua, akampa."

Purity alitua kuvuta pumzi. Macho yalikuwa yakimng'aa.

"Yule mzee hakuinamisha kichwa. Alikaa chini. Alifukiza kipande kidogo hivi, kama kucha, akakaa kimya mpaka nikaogopa. Kisha akamwambia binti yake, binti akaniambia: huu. Wanautaka huu, kwa maduka yao yote. Ule mwingine hapana, wameshukuru, lakini hapana. Wanataka tuwapelekee sampuli nyingine ya huu huu ndani ya siku arobaini, wapime kama tunaweza kuurudia, ndipo tutie saini. Nikawaambia haina shida. Nikawaambia bosi wangu anaujua udi ule kama jina lake."

Ummukulthum aliishusha simu mapajani.

"Dada? Unanisikia? Simu imekwama?"

"Nakusikia."

"Hufurahi?"

"Nafurahi, Purity. Umefanya kazi kubwa. Allah akulipe." Na alikuwa anafurahi, hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma zaidi kwa kuwa kweli. "Kimebaki chochote ndani ya hicho kijaluba?"

Purity akainamisha simu. Ndani ya kopo, kwenye unga wa kahawia, kulikuwa na vipande vitatu.

"Usimpe mtu mwingine," alisema Ummukulthum. "Vilete nyumbani."

Purity alikuja Kuze moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, begi lake mlangoni, koti lile la leso begani. Akamwamkia Bi Mwanakheri, akamkumbatia Ummukulthum, wakalia kidogo, kwani alipoondoka hawakupata nafasi ya kulia. Kisha akaketi kwenye mkeka akatoa vitu vyake. Kijaluba kwanza, kimefungwa kwa leso mbili. Halafu mizani ndogo. Halafu daftari lile lenye duara la chai kwenye jalada.

"Safari hii huniponyoki," alisema, akitabasamu. "Wewe unanusa, mimi naandika. Kimoja kimoja. Hata ikichukua wiki nzima. Siku arobaini ni nyingi."

Bi Mwanakheri alikuwa kitini kwake karibu na dirisha, mahali ambapo sanduku la mbao lilikuwa likikaa. "Jambo la kuvunda halina ubani," alisema kwa sauti ndogo, haikujulikana kwa nani, na Purity akadhani bibi anajisemea mambo yake.

Ummukulthum alifungua kijaluba. Vile vipande vitatu vilikuwa vidogo kuliko alivyoviona kwenye simu, vyeusi, vimeng'ara kwa sukari. Aliomba Mungu. Hakuomba makubwa. Aliomba mawaridi tu, yaje yatangulie, mengine yatafuata yenyewe kama yalivyofuata siku ile juu ya paa. Akainama, akafumba macho, akavuta.

Na safari hii pua haikuwa tupu. Ilikuja harufu, ikaja kamili, kali, ya baridi, ikamjaa kichwa hadi macho yakamtoka machozi, na kwa nusu ya pumzi alidhani ameponywa.

"Nini cha kwanza?" Purity aliuliza, kalamu tayari.

"Karafumaiti," alisema Ummukulthum.

Purity aliandika, kwani kwake lilikuwa jina la kiungo kama vingine. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, akalipigia neno mstari, akaivuta mizani karibu. Tasbihi ya Bi Mwanakheri ilikuwa imesimama.

"Kiasi gani, dada?"